Ti Ti Ti Taa

Adapta ya Kariakoo ilinidanganya.
Imeandikwa volti kumi na mbili. Nikaipima: kumi na sita,
na ndani yake nyuki wananguruma.
Umeme wa ukutani una mdomo,
haupiti kwenye waya bila kusema neno.
Nikaichomoa. Kabla sijakaa
ukakatika wenyewe, na Buguruni nzima ikasema "Aaah!"
kama mtu mmoja aliyedondosha sahani.

Nikamwita Chande wa bodaboda.
"Niazime betri hadi alfajiri."
"Mpya hiyo, Fundi Mwajabu," akasema akilegeza nati,
"ina mwezi mmoja tu."
Mwamba ngozi huvutia kwake,
na mwenye betri huhesabu miezi atakavyo.

Betri mezani, kati ya simu za watu zilizopasuka vioo.
Nyekundu kwa nyekundu. Nyeusi kwa nyeusi.
Nilikosea mara moja, mwezi wa Machi:
transista ikatoa uzi wa moshi,
harufu ya shilingi elfu nne ikipaa.
Tangu siku ile naweka fyuzi,
na juu ya fyuzi, bismillahi.

Kwanza kopo la maziwa ya unga. Ndani yake
vikinza ishirini, kila kimoja omu elfu,
nimevilehemu bega kwa bega
vibebe mzigo ambao kesho utabebwa na waya.
Usipige kelele mjini
kabla hujalipigia kelele kopo.

Swichi yangu ni kipande cha msumeno
kilichogongomewa kifuniko cha soda.
Nikabonyeza:
ti ti ti taa.
Na balbu ya tochi juu ya kopo
ikafumbua jicho jekundu, la mtu aliyeamshwa,
ikafumba.
Wati moja. Tuseme moja na robo, nisijinyime.
Feni ya dari inakula mara hamsini ya hiyo
na haijawahi kumfikia mtu hata chumba cha pili.

Kisha waya. Shaba ya mota iliyoungua,
mita kumi huku, mita kumi kule,
gizani, sambamba na kamba ya kuanikia ya Mama Ndekeja.
"Unatega nini, popo?"
"Maneno."
"Haya. Yasidondokee shuka zangu."

Ti ti ti taa. Ti ti ti taa.
Lusajo yuko Kigamboni na redio ya kupokea,
masikio mawili na simu yenye chaji asilimia tisa.
Kimya.
Jenereta ya baa ikakohoa upande wa reli.
Kimya.
Halafu ujumbe: "Nakusikia. Ila unalia kama kifaranga."

Nikaweka mita kwenye betri, nikabonyeza tena.
Ikitulia, kumi na mbili. Ikibebeshwa, kumi na kasoro.
Ah, Chande! Mwezi mmoja!
Kila nikisema, fuwele inainama kwa njaa,
sauti inaanza juu, inateleza: piu, piu.
Sikumlaumu mtu usiku ule.
Nikatafuta diodi moja kwenye kopo la vifungo,
nikaitengea fuwele volti zake sita zisizoguswa,
kama mama anavyoficha unga wa uji
nyumba nzima ikigombania ugali.
Risasi ikanichoma kidole gumba. Nikakinyonya.
Nikabonyeza.

Dakika tatu, labda nne.
"Sasa umekua," akaandika Lusajo.
"Umenyooka kama uzi wa cherehani. Nalala."
Asilimia yake ya tisa ikaishia hapo.

Nikabaki kibarazani peke yangu, gizani,
nikigonga jina langu polepole, herufi kwa herufi,
bila kumwomba mtu ajibu.

Alfajiri Chande akaja na spana.
Akafunga betri yake, akabonyeza kitufe.
Pikipiki ikaguna, ikanyamaza.
"Umeifanya nini?"
"Nimeisemesha."
Akanitazama, akakunja mguu wa suruali.
Kiki ya kwanza.
Ya pili.
Ya tatu.
Ya nne akaikanyaga kwa uzito wote, akaushikilia mguu pale chini,
na taa ya mbele ikawaka
kwenye ukuta wangu.